Tarumbeta si pambo la Krismasi

Wapendwa, naandika kutoka kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba. Najua nimepotea. Tesiti zilipangana kama mabehewa, na bumu lenyewe si mnajua tena, linaingia likiwa limeshaliwa. Leo nilitaka kuwaandikia habari za maandalizi yetu ya kwenda kufundisha kwa vitendo. Nimeziweka kando. Asubuhi nimepata ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Mpanda, kwa mdogo wangu anayepiga baritoni kwenye kundi la tarumbeta la usharika wetu. Ni sekunde chache tu: "Kaka, Pasaka hii tumebaki wawili. Wewe huji?"

Siji. Pasaka inaangukia katikati ya muhula, na nauli ya Dar mpaka Mpanda, kwenda na kurudi, ni hela yangu ya kula mwezi mzima. Kwa hiyo nitafanya kile ninachoweza nikiwa huku, yaani kusema. Na leo sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa asiyejua nieleze kidogo. Kwetu Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini, saa kumi na moja alfajiri, giza bado limekaa. Watu wanatoka Makanyagio, Nsemulwa, Kawajense, wengine na tochi za simu, kina mama wamejitanda vitenge kwa ubaridi, miguu imelowa umande. Hakuna spika wala mapambo. Kundi la tarumbeta linasimama katikati ya misalaba, na mlio wa kwanza ukitoka kila mtu ananyamaza, hata watoto. Bibi yangu amelala pale. Pasaka ya kwanza baada ya kumzika nilikuwa kidato cha tatu, nimeshika tarumbeta ya sauti ya kwanza, na midomo ilinitetemeka mpaka nota ya mwanzo ikapasuka. Mwalimu wetu wa tarumbeta hakunigombeza. Alininong'oneza tu: "Vuta pumzi. Bibi hana haraka."

Basi ndiyo sauti inayokufa sasa, na inauawa na watu wanaosema wanailinda.

Sikieni kisa. Krismasi iliyopita nilifika nyumbani tarehe 23 Desemba, mgongo umekufa ganzi kwa safari. Kabla sijafua hata soksi nikapewa habari. Kati ya wapigaji sita waliokuwepo, wanne wamesimamishwa. Kosa lao? Walipiga kwenye sendofu. Walipanda nyuma ya kirikuu, wakamsindikiza binti kutoka ukumbini hadi kwao, wakapewa elfu kumi na tano kila mmoja. Mzee mmoja wa kanisa akawaona barabarani. Kamati ikakaa. Uamuzi ukatoka kwamba vijana wamenajisi vyombo vya Bwana, wasishike tarumbeta mpaka hapo watakapotangaziwa.

Sasa njooni mkesha wenyewe. Kanisa limejaa mpaka nje. Mti wa Krismasi unawaka taa za rangi, mtu wa video anazunguka na kamera, kwaya zimeshona sare mpya. Ukafika ule wimbo ambao miaka yote unafunguliwa na tarumbeta. Mpiga kinanda akabonyeza kitufe, na kinanda kikatoa sauti ya tarumbeta. Yaani wenye tarumbeta tumewakalisha chini ya mwembe, halafu tunaigiza sauti yao kwa mashine! Ubeti wa pili haujaisha, umeme ukakatika. Kinanda kimya. Spika kimya. Watu wakaimba hivyo hivyo gizani, kila benchi na mwendo wake, mpaka wimbo ukafa wenyewe. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikamwona mzee wetu anageuza shingo kuangalia nje, kule mwembeni. Vijana wanne walikuwepo pale. Hakuna aliyewaita, na wao hawakuingia.

Kesho yake nilikwenda kumsalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba kijana wangu. Masomo yanaendaje huko?"

"Namshukuru Mungu, baba. Nimekuja kuulizia habari za wale wenzangu wa tarumbeta."

Akaniambia kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya: "Mwanangu, tarumbeta ni chombo kitakatifu. Huwezi kumpigia Mungu asubuhi, jioni ukawapigia walevi."

Nilinyamaza. Ni rika la baba yangu, na mimi ni mtoto wa pale. Lakini kunyamaza si kukubali. Majibu ambayo sikuyatoa barazani kwake nayatoa hapa, kwa heshima zote.

Kwanza, hilo la chombo kitakatifu. Baba, tufungue kitabu chenyewe. Hesabu sura ya 10, Musa anaagizwa kutengeneza tarumbeta mbili za fedha. Za kazi gani? Kuita mkutano. Kuondosha kambi safarini. Kwenda vitani. Na siku za furaha na sikukuu. Tarumbeta zile zile mbili! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba zile za vita zisiguse za sikukuu. Chombo kilikuwa cha watu wote, kwa shida zao na raha zao, mbele za Mungu wao.

Na kwa historia ya huku kwetu ndiyo kabisa. Tarumbeta haikuteremka Afrika Mashariki kutoka mbinguni. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake ya shaba, wapigaji Wagoa. Vijana wa misheni ya Freretown karibu na Mombasa, makazi ya watumwa waliokombolewa, walifundishwa bendi. Majeshi ya wakoloni yalikuja na zao. Kutoka huko kukazaliwa ngoma ya beni kule pwani, watu wakaiga gwaride na vyeo na sare, vikundi vya Marini na Arinoti vikashindana, na vita ya 1914 hadi 1918 ikaisambaza bara kupitia askari na wapagazi. Terence Ranger, aliyewahi kuwa profesa wa historia hapa hapa Mlimani miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kikatoka 1975. Kwa hiyo chombo hiki kimeshapita kwa sultani, kwa padri, kwa kapteni, kwa polisi na kwa bwana harusi. Kama kushikwa nje ya kanisa ni unajisi, basi kilifika kwetu kikiwa kimenajisika zamani!

Halafu hao "walevi" ni akina nani? Sendofu ile ilikuwa ya binti wa usharika wetu. Jumamosi yake ndoa ilifungwa madhabahuni petu na mchungaji wetu. Wajumbe wa kamati walipewa kadi, wakachanga, wakala pilau. Sawa na hiyo ni haki yao, hata Bwana mwenyewe alialikwa harusini Kana. Ila nisichoelewa ni hesabu hii: anayekula sherehe ni mtakatifu, anayepuliza kwenye sherehe hiyo hiyo ni mnajisi. Hebu nisaidieni.

Pili, hela. Hapa ndipo penyewe, na hapa ndipo watu hawapendi paguswe.

Hesabuni pamoja nami nani analipwa Krismasi. Aliyepamba kanisa analipwa. Fundi wa spika analipwa. Mtu wa video analipwa. Mpiga kinanda ana posho yake ya kila mwezi, na simwonei wivu, anafanya kazi. Fundi wa sare za kwaya analipwa. Anayebaki ni mpiga tarumbeta. Huyo anaambiwa: "Mungu atawalipa." Mungu huyo huyo ambaye mpambaji hakuambiwa amsubiri!

Tena soma Nehemia sura ya 13. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji hawapo, wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Kwa nini? Kwa sababu hawakupewa mafungu yao. Nehemia alifanya nini? Hakuwasimamisha waimbaji. Aliwagombeza WAKUU, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Ningependa somo hilo lisomwe siku kamati inakaa.

Maana na kwetu wamekimbia. Tulikuwa kumi na moja nilipokuwa sekondari. Wawili wako machimboni wanatafuta dhahabu. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja yuko Tabora kwenye kundi la matarumbeta ya harusi, anaishi kwa hiyo kazi na amempangishia mama yake chumba. Huyu wa Tabora anasemwa vibaya kuliko wote, kwamba amemwacha Mungu akafuata hela. Nilipitia kwake nikirudi chuo. Kwenye begi la tarumbeta yake kuna kitabu cha nyimbo cha kanisa letu, kimechakaa hasa. Kila asubuhi anafanyia mazoezi humo. Aniambie mtu nani kamwacha nani.

Na mimi niseme langu kabla hamjalisema. Nimepiga harusi. Nauli yangu ya kwanza ya kuja chuo, nusu yake ilitoka nyuma ya kirikuu. Baba hana mshahara, analima mahindi na karanga, na mwaka ule mvua iliyumba. Kama ningesimamishwa mimi badala ya hawa wadogo zangu, pengine leo nisingekuwa kwenye kimbweta hiki. Kwa hiyo, ndiyo, nina maslahi. Naandika nikiwa nayo.

Tatu, na hapa naongea kama mwalimu mtarajiwa. Kundi lile ndilo shule ya muziki pekee niliyowahi kuiona Mpanda. Shule nilizosoma mimi hazikuwa na hata filimbi. Mtaala mpya wa 2023 una somo la Sanaa na Michezo, vizuri sana, lakini somo bila chombo ni sawa na kufundisha kuogelea ubaoni. Chombo kiko kanisani, kabatini, chini ya kufuli.

Watu wanaona mtoto anavimbisha mashavu wanadhani anacheza. Tarumbeta ina vitufe vitatu tu. Cha kwanza kinashusha sauti toni nzima, cha pili nusu toni, cha tatu toni moja na nusu. Nota nyingine zote unazitafuta kwa midomo na pumzi. Mimi sehemu za hesabu, robo na nusu na moja ya nane, mwalimu wa darasani alinichapa sikuelewa. Mwalimu wa tarumbeta alinigongea mguu chini, mara nne, nikaelewa jioni moja. Kusikiliza mwenzako, kusubiri zamu yako, kutopiga kwa nguvu kuliko anayeongoza wimbo, haya yote nimekuja kuyakuta kwenye noti za saikolojia ya elimu yakiwa na majina marefu. Mzee yule aliyetufundisha hana hata cheti.

Sasa kundi hili linatendewaje? Kabati linafunguliwa wiki mbili kabla ya Krismasi, linafungwa Januari. Linafunguliwa tena wiki mbili kabla ya Pasaka, linafungwa. Midomo ni misuli, jamani! Mchezaji wa mpira ukimfungia miezi mitatu halafu ukamwingiza Uwanja wa Azimio dakika ya kwanza, utashangaa akivuta paja? Halafu nota zikipasuka siku ya sikukuu, watu wanacheka: "Vijana wa siku hizi hawana bidii." Bidii tumeifungia kabatini.

Mkoa wetu una mfano bora zaidi, kama tungependa kujifunza. Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walifika 1885. Mtu anayekumbukwa kuliko wote pale ni Adrien Atiman, kijana Mwafrika aliyekombolewa utumwani. Kabla ya kumleta, walimsomesha udaktari Malta. Akafika 1889, akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Hawakumwambia aje na imani tu, Mungu atampa dawa. Walimwekea elimu mkononi, na watu wa ziwani walifaidi kwa zaidi ya miaka sitini. Najua udaktari si tarumbeta. Ninachosema ni kwamba ukitaka matunda ya kijana, mtie mbolea kwanza.

Na hiyo ibada ya alfajiri tunayoiringia, ilianzishwa na nani? Ilikuwa 1732, Herrnhut, Ujerumani, kwa Wamoravian. Ni vijana wasiooa waliokesha wakiomba, na kulipokaribia kupambazuka wakapanda makaburini wakaimba. Vyombo vya shaba vikajiunga baadaye. Wamoravian walipofika Rungwe 1891 na Urambo 1898, walikuja na desturi zao, na Walutheri nao wakaja na makundi yao ya tarumbeta. Fikirini vijana wale wa Herrnhut wangekutana na kamati yetu. Pengine wangeulizwa usiku ule walikuwa wapi, na leo tusingekuwa na Pasaka ya makaburini.

Niwe mkweli, mzee naye ana hoja. Vyombo vilinunuliwa kwa sadaka, kuna mama alitoa kuku wake kwenye mnada wa mavuno ili ipatikane tarumbeta. Kimoja kilirudi kutoka harusini kitufe kimekwama, na aliyekipeleka akajifanya hajui. Kuna wenzetu waliowahi kupiga Jumamosi mpaka usiku wa manane, Jumapili hawakuonekana, na mmoja alionekana akinuka pombe. Haya ni kweli, nilikuwepo. Mimi mwenyewe nimewahi kukosa ibada kwa usingizi wa harusi. Kariakoo nimeulizia bei, tarumbeta ya hali ya chini kabisa ilikuwa laki tatu na ushee, kwa hiyo hasira ya mzee naielewa.

Lakini mtoto akivunja sahani hatumkatazi kula. Tunamfundisha kushika sahani. Utaratibu ni huu, na hauhitaji semina. Kuwe na daftari: nani amechukua chombo gani, lini, kinarudi lini. Kila kazi ya kulipwa, fungu la kumi liingie kwenye kopo la matengenezo. Kwa elfu kumi na tano hiyo ni elfu moja na mia tano kila mpigaji, harusi chache tu na kitufe kimetengenezwa. Asiyefika ibadani Jumapili asipewe chombo Jumamosi inayofuata. Mlevi apumzishwe yeye, peke yake, si kundi zima. Kabati lifunguliwe mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, na wasichana waruhusiwe kujifunza, maana mpaka leo wanaambiwa midomo itaharibika. Na Krismasi ikifika, bajeti ya mapambo ikatwe kidogo, wapigaji wapewe posho kama anavyopewa mtu wa video. Basi!

Kuna mtu atasema haya ni mambo madogo, nchi ina matatizo makubwa. Sawa. Lakini mji wetu ni mji wa watu waliokuja. Wengine walikuja kwa mgodi wa risasi, wengine kwa reli ya Kaliua, wengine walikimbia Burundi 1972 wakapewa Katumba, na baadaye Mishamo, wengine wanaendelea kuja na ng'ombe na majembe yao. Kila mtu ana ngoma ya kwao, na ngoma ya kwao haiko Mpanda. Sauti moja tunayoijua wote, ya kuzikia na ya kuozeshea, ni ile. Msiba ukitokea usiku Kawajense, ukisikia tarumbeta unajua, unavaa viatu unakwenda, hata kama marehemu humjui kabila. Hiyo siyo kitu kidogo kwangu.

Na kinanda hakiendi makaburini. Kule hakuna soketi.

Mdogo wangu nimemjibu hivi: piga. Hata mkiwa wawili, pigeni. Anza wewe na baritoni, polepole, mwenzako ashike sauti ya juu. Wale wanne waambie waje wasimame na nyie mikono mitupu. Hawajakatazwa kusimama. Wazee wakiwaona sita na vyombo viwili, kulipopambazuka, kila mtu atafanya hesabu yake mwenyewe.

Nikaongeza jambo moja. Nikamwambia ukifika kwenye kaburi la bibi, nota ikipasuka usishtuke. Vuta pumzi.

Haya wapendwa, tesiti ya mwisho ni Alhamisi, naingia vitabuni. Wenye masikio wamesikia.